Kilomita za Baba Mdogo

Dashibodi ilisomeka 487,312. Nilikuwa nimeinama mlangoni mwa pikapu, alfajiri ya Julai pale Mafinga, ukungu bado umelala juu ya miti ya paini na pumzi yangu ikitoka kama moshi. Kutoka Mafinga hadi Iringa mjini ni kilomita kama 80. Nikapiga hesabu kichwani: hizo ni safari zaidi ya 3,000 za kwenda Iringa na kurudi. Mnunuzi mwingine angeiona namba ile angeaga mapema. Mimi nilishindwa kuaga, maana baadhi ya kilomita zile zilikuwa zangu.

Ni Toyota Hilux ya mwaka 1999, singo kabini, yenye injini ya 5L, ile dizeli ya zamani ya lita 3 ambayo fundi wa kando ya barabara huifungua na kuifunga bila kuhitaji kompyuta. Baba Mdogo aliinunua mwaka 2003. Mwaka uliofuata ndiyo iliyonipeleka kidato cha kwanza, tranka na godoro vikiwa nyuma, mimi nimebanwa katikati yake na mama, magoti yakigusa gia. Ndiyo niliyojifunzia kuendesha kwenye barabara za vumbi za msitu wa Sao Hill, nikiiunguza klachi mpaka ikanuka, naye akitazama mbele bila kusema neno. Na ndiyo iliyomleta baba nyumbani kutoka hospitali mara mbili: mara ya kwanza amekaa mbele na blanketi begani, mara ya pili amelala nyuma, sisi wanawe tumekaa pembeni tukilishika jeneza lisicheze kwenye mashimo.

Sasa macho ya Baba Mdogo yamepungua nguvu. Taa za magari anayopishana nayo usiku zinamtawanyikia, anasema, mpaka haoni ukingo wa lami. Mwezi Juni alinipigia simu. Kuna mtu wa Makambako ameitaka pikapu, lakini ameona aanze na mimi. Alitaja milioni 14.

Nilikuwa naihitaji kweli. Mke wangu na wenzake watatu hununua karoti na kabichi Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, wakazishusha Morogoro mjini, na kila wiki sehemu kubwa ya faida huishia kwa mwenye gari la kukodi. Lakini gari lililotembea kiasi kile halinunuliwi kwa kulizunguka tu. Lazima mtu aingie chini yake, aligonge, afungue vifuniko. Na muuzaji ni mdogo wake marehemu baba, aliyesimama mahali pa baba siku ya kupeleka mahari yangu. Unampelekaje fundi uani kwa mtu kama huyo? Kwetu, kukagua kitu cha mzee mbele ya macho yake ni karibu sawa na kumwambia neno lake halitoshi. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Nilifikia hata kuamua nilipe alichotaja, nipokee ufunguo kwa mikono miwili, na yatakayojitokeza niyamalize mwenyewe kimyakimya.

Mke wangu ndiye aliyenitoa huko. "Breki zikikataa kwenye mteremko wa Mgeta na sisi wanne tumo ndani," aliniuliza, "utamweleza nani kwamba uliona aibu?"

Nikapiga simu. Nikaamkia, akaitikia, tukaulizana hali za nyumbani, kisha nikamwambia nitakuja na fundi. Kimya kikawa kirefu mpaka nikatazama kama simu imekatika. Halafu akasema: "Njoo naye. Mfike alfajiri, kabla sijaiwasha. Na akague kama mtu asiyenijua."

Uzito wa maneno yale niliuelewa tulipofika. Fundi wangu, kijana wa Kihonda kule Morogoro, kabla ya kufungua chochote aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baadaye alinieleza kwamba muuzaji mwenye la kuficha huliwasha gari mapema ili mnunuzi alikute lina moto, kwa sababu dizeli iliyochoka hujisema asubuhi. Kama hita plagi zimekufa au silinda hazigandamizi tena hewa inavyotakiwa, stata italia weee, na moshi mweupe utajaa uani. Na baridi ya Mafinga mwezi Julai haimfichii mtu jambo hilo.

Ilishika mara ya pili. Moshi mweupe ulitoka kidogo, ukakatika. Akanituma nyuma nitazame eksozi huku yeye akikanyaga mafuta: moshi mweusi kwa sekunde chache, kisha hewa tu. Wa bluu haukuwepo, na wa bluu ndio alioogopa, maana ni oili inayoungua. Akafungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikinguruma, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake. Kilitetemeka, hakikuruka. Kingeruka, au moshi ungetoka pale kwa nguvu, tungejua ringi za pistoni zimekwisha. Maji ya rejeta alikuwa ameyatazama mapema, injini ikiwa bado baridi, na kidole chake hakikutoka na utando wa mafuta.

Difu ilikuwa na mlio mdogo. Krosi moja ya propela ilikuwa inacheza. Breki ya mkono haikushika hata kidogo, na hapo nikalikumbuka jiwe. Lilikuwa bado lipo, jiwe la kijivu lenye umbo la mkate, kwenye kona ya bodi nyuma. Tangu nikiwa sekondari, pikapu ikisimama penye mwinuko, mtoto aliyekaa nyuma alijua kazi yake: aruke na kulisukumia chini ya tairi. Tulilizoea kiasi kwamba hatukuliona tena kuwa ugonjwa wa gari. Fundi alilinyanyua akaniuliza la nini, nikachelewa kumjibu.

Halafu akaingia chini na nyundo ndogo. Aligonga chesesi kuanzia mbele, na sauti ilikuwa ya chuma kizima, mpaka alipofika karibu na kishikio cha springi ya nyuma, upande wa kushoto. Pale sauti ikabadilika. Akasugua tope kwa brashi ya waya, akaniita. Chuma kilikuwa kimepasuka zamani na kuchomelewa. Kazi yenyewe nene, ya haraka, na kutu imeanza kutambaa kandokando yake.

Nilipotoka chini na udongo mgongoni, Baba Mdogo alikuwa amesimama palepale, koti lake zito limefungwa mpaka shingoni. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Mmeiona," alisema. "Hiyo ni ya mwaka 2011. Mbao za nyumba ya mama yako."

Safari ile naikumbuka vizuri. Tulikuwa tumepata mbao za kenchi kwa bei nafuu, na tulitaka zifike kwa mkupuo mmoja kwa sababu hela ya safari mbili hatukuwa nayo. Pikapu ilipakiwa mpaka taa za mbele zikatazama mbinguni. Baba Mdogo alisema mzigo umezidi. Mimi ndiye niliyesema zitafika. Zikafika, na mama analala chini ya mbao hizo mpaka leo.

Sasa niambie: unadaije punguzo la bei kwa ufa ulioufanya mwenyewe?

Kati ya watu wasiojuana, hesabu hii ni nyepesi. Uchakavu ni wa muuzaji, mnunuzi anauona, anautoa kwenye bei. Kati ya ndugu, uchakavu tumeuchanga kwa miaka mingi na hakuna aliyeuandika. Nililiazima gari lile mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nikilirudisha nilijaza mafuta, na nikajiona muungwana. Lakini mafuta ni sehemu ndogo ya gharama ya safari. Tairi zilizolika, bushi, oili, klachi niliyoiunguza, vyote vilibaki kwa Baba Mdogo, na hakuna siku aliyonidai. Nadhani ndiyo maana wazee wengi huona heri wauzie mgeni. Mgeni anauliza bei, analipa, anaondoka. Ndugu anakuja na kumbukumbu, na kumbukumbu zake mara nyingi humfanya ategemee kupunguziwa, wakati kwa haki zingepaswa kumwongezea deni.

Tulipoingia ndani kunywa chai, mama mdogo alileta madaftari mawili yenye jalada gumu. Sikujua kama yapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Baba Mdogo alilishika neno hilo kwa miaka 22. Ukurasa wa kwanza una kilomita 61,000, siku aliyoinunua. Kila oili iliyomwagwa na kubadilishwa imo, kwa tarehe, kilomita, mahali na bei. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa mara ya mwisho kwenye kilomita 402,000. Fundi alipiga hesabu: umeshatembea zaidi ya 85,000, na kwenye injini ile mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni, unaanza kutafuta injini nyingine. Ubadilishwe kabla ya mzigo wa kwanza.

Nimeona magari ya mtumba yakiuzwa mjini na dashibodi inayosoma kilomita 80,000 huku raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma. Namba ndogo isiyo na maelezo hainipi usingizi. Kubwa yenye daftari nitalala nayo.

Jioni tulikaa kikao. Kadi ya gari ina jina moja, lakini pikapu ya nyumbani ina wenyewe wengi. Mdogo wangu, mtoto wa kwanza wa Baba Mdogo, alikuja kutoka Njombe akiwa hana furaha. Alisema mtu wa Makambako amefika milioni 15, na haoni sababu ya baba yake kupoteza milioni kwa ajili ya undugu. Nilimwelewa. Ni haki yake kulisema, na ni afadhali alisema pale, mbele yetu sote, kuliko angelisema miaka mitano baadaye msibani. Baba Mdogo akamjibu kwamba mtu wa Makambako hakuingia chini ya gari. "Nitamwonesha ufa, naye atashusha. Nikinyamaza, nitakuwa nimemuuzia ajali."

Fundi alikuwa ameorodhesha matengenezo: taimingi, krosi, breki ya mkono, na chuma cha kuimarisha chesesi kwa kazi safi. Jumla milioni 1.4. Baba Mdogo alitaka kuitoa yote kwenye bei. Nikakataa. Laki nne za chesesi, nilimwambia, ni zangu tangu mwaka 2011. Akasema gari lilikuwa lake na yeye ndiye aliyekubali kulipakia. Tulibishana hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akiivuta hasara upande wake, mpaka mama mdogo akasema tunapoza chai. Tukamaliza kwa milioni 13. Yeye akaweka sharti lake: mahindi ya shambani kwake, mavuno yajayo, yabebwe na pikapu hiyo hiyo.

Kuhusu kadi, nilikosea. Nilidhani jambo la kuhamisha umiliki litasubiri, si tupo nyumbani? Baba Mdogo hakutaka kusikia. Gari likibaki kwa jina lake, faini za barabarani zitamfuata yeye, na likimgonga mtu, polisi watauliza mlangoni kwake. Na akifa, alisema bila kupepesa macho, gari litaingia kwenye mirathi. Nitakuwa nimelilipia, na watoto wake watalazimika kulihesabu kama mali ya marehemu, mpaka msimamizi wa mirathi apatikane mahakamani. "Unataka nikuache unagombana nao juu ya kaburi langu?" Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Fundi alitangulia Morogoro kwa basi Jumapili. Sisi Jumatatu tukaenda kwa wakili kuandika hati ya mauziano, mama mdogo na mwanawe wakasaini kuwa mashahidi, tukaenda TRA kulipia uhamisho na ushuru wa stempu. Tulipoiangalia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi tulikuta faini moja haijalipwa. Baba Mdogo aliilipa palepale.

Niliondoka naye akiwa amesimama getini. Milima ya Kitonga niliiteremka kwa gia ya pili, mguu juu ya breki bila kuikandamiza, nikisikiliza kila mlio.

Wiki tatu baadaye simu iliita usiku. "Mwanangu, kuna kitu sikukwambia." Nikakaa kitandani. Ni mama mdogo aliyemkumbusha, alisema: mshale wa mafuta. Ukifika robo haushuki tena. Tangi linakauka wenyewe umesimama palepale. Yeye amezoea kujaza kwa kuhesabu kilomita, kwa hiyo hata kwenye daftari hakuwahi kuuandika.

Nikamwambia nimeshaujua. Siku ile ile niliyotoka kwake nilizimikiwa karibu na Doma, jua linazama, mshale unanionesha robo, na ilibidi nipampu kwa mkono kutoa hewa kabla injini haijakubali kuwaka. Akanyamaza. Kisha akauliza ni nani aliyeniletea dizeli, na nilimlipa kiasi gani, maana anataka kunirudishia.