Muunganisho Uleule, Anwani Nyingine

Ni nini hukifanya kitu kibaki kilekile ilhali kinabadilika? Kuhusu mtu, John Locke alijibu mwaka 1694: ni fahamu na kumbukumbu, si mwili. Seva za wavuti nazo hulazimika kulijibu swali hilo kuhusu muunganisho. Kwa itifaki ya TCP, muunganisho hutambuliwa kwa anwani na poti za pande mbili. Simu iliyoko Njukini, karibu na mpaka wa Tanzania, ikitoka kwenye Wi-Fi na kushika mnara wa simu, anwani hubadilika na muunganisho hukatika. Fomu iliyokuwa ikitumwa huanza upya.

QUIC, itifaki iliyosanifishwa mwaka 2021 na inayobeba HTTP/3, huupa muunganisho kitambulisho chake. Anwani ikibadilika, seva hutuma data ya nasibu kupitia njia mpya. Ikirudishwa ilivyo, mawasiliano huendelea. Hata kitambulisho hubadilishwa, ili wapelelezi wasimfuatilie mtumiaji. Kinachodumu ni funguo za siri za pande mbili, jibu lililo karibu sana na la Locke, na la haki zaidi kwa wenye mtandao dhaifu.

Lakini QUIC hupita juu ya UDP: msimamizi wa seva akifungua poti 443 ya TCP na kuisahau ya UDP, kivinjari hurudi kwenye HTTP/2 kimyakimya. Ukaguzi uanzie hapo.