Kwenye Njia ya Kigali na Ndola

Jumamosi ya Septemba 16, 2023, Yanga na Simba zote zilikuwa ugenini katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Yanga iliifunga Al Merrikh ya Sudan 2-0 mjini Kigali. Simba ilitoka sare ya 2-2 na Power Dynamos mjini Ndola, mabao yake yote mawili yakifungwa na Clatous Chama, Mzambia aliyerudi kwao akiwa na jezi ya Msimbazi.

Kwa anayeifuata timu kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari zote mbili zinapita Kibaha, mkoani Pwani. Maili Moja, Mlandizi, Chalinze; Morogoro ndipo zinapoagana, moja ikishika Dodoma na Singida kuelekea Rusumo, nyingine ikikata Mikumi na Iringa hadi Tunduma. Wilaya ya Kisarawe, nayo ya Pwani, ina njia yake. Reli ya TAZARA inaikatiza wilaya hiyo, inapita Mzenga, na kuishia Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Ukifika hapo, Ndola si mbali tena.

Ndola si jina geni kwa Watanzania. Ni huko, Agosti 1979, bao la Peter Tino lilipoipa Taifa Stars sare ya 1-1 na Zambia, ikakata tiketi ya fainali za Afrika (AFCON) zilizochezwa Nigeria mwaka uliofuata. Ilichukua hadi 2019 kuzirudia fainali hizo.

Mashabiki wa Yanga waliopanda mabasi kwenda Kigali walionja mengi kabla ya filimbi ya kwanza. Ukivuka daraja la Rusumo, dereva anahamia upande wa kulia wa barabara na saa inarudishwa nyuma kwa saa moja. Mifuko ya plastiki inaachwa mpakani, kwa kuwa Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Shilingi inageuka faranga. Shabiki aliyezoea kutamba kijiweni kwake anakuwa mtu wa kuuliza: choo kiko wapi, nauli ya kufika uwanjani ni kiasi gani, chakula hiki kinauzwaje. Anayemjibu kwa ukweli anamfanyia wema mkubwa, na wala hana haja ya kujua anashabikia timu gani.

Hata wapinzani siku ile walikuwa wageni. Al Merrikh ni timu ya Omdurman, na vita vilivyolipuka Sudan Aprili 15, 2023 viliinyima nafasi ya kucheza kwao. Kwenye ratiba iliandikwa mwenyeji, lakini mashabiki wake wengi walikuwa katikati ya mabomu au njiani wakikimbia. Aliyeimba ushindi jukwaani Kigali alikuwa na haki ya kufurahi. Alikuwa pia na sababu ya kumpa pole Msudani aliyeketi jirani yake.

Siku 11 baada ya mechi hizo, CAF iliipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON 2027. Sasa mabasi yatakuja upande huu. Atakayetoka Zambia, Malawi au Rwanda kwa barabara kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa atapita Kibaha, na wa treni ya TAZARA atapita Kisarawe. Wengi wao, mwanga wa kwanza wa jiji watauonea Pwani.

Watahitaji vitu vya kawaida kabisa: choo safi chenye maji, taa pale basi linaposimama usiku, mama lishe anayemtoza mgeni bei ileile anayomtoza jirani, bodaboda asiyepandisha nauli kwa kusikia lafudhi, na askari anayeelekeza kabla ya kukagua. Hakuna kati ya hivyo kinachosubiri uwanja mpya. Waliokesha mabasini kwenda Kigali wanajua vizuri ni wapi msafiri anateseka na ni wapi anapumua. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe ziwaite, zikae nao mezani, ziwasikilize, na ziyaingize wanayoyasema kwenye bajeti mapema.