Lumbesa na Kipimo cha Bwana



Jumapili ya Shukrani ya Mavuno inakaribia. Wengi wetu tumekwisha kutenga kile tutakachokileta mbele za Bwana: mahindi, maharage, viazi, mikungu ya ndizi, kuku, na wengine fedha. Ni desturi njema, tena ya tangu zamani. Lakini kabla hatujafunga mizigo yetu, napenda tutafakari pamoja juu ya kipimo. Maana sadaka haianzi mlangoni pa kanisa. Huanzia shambani, penye gunia na mizani, na katika mapatano ya mnunuzi na muuzaji.

Kila mkulima wa hapa kwetu anajua lumbesa ni nini, lakini kwa ajili ya vijana na ndugu zetu walio mjini nitaeleza. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha halifungwi. Juu yake hushonewa kipande kingine cha gunia au cha wavu, nacho hujazwa tena, mpaka gunia lisimame kama mtu aliyevaa kilemba. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya nchi yetu haikubali jambo hilo. Tunayo Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, tunao Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002, na tumeagizwa kwamba mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Hata hivyo gunia lenye kilemba bado laonekana barabarani, hasa la viazi na vitunguu.

Tufanye hesabu kidogo, kama tulivyozoea darasani. Tuseme mkulima ana magunia 10, na kila moja lina kilo 130 badala ya 100. Amelipwa bei ya magunia 10. Kilo 30 mara 10 ni kilo 300, yaani magunia 3 kamili yameondoka shambani bila hata senti moja. Magunia hayo yalikuwa sare ya mtoto, dawa ya bibi, na mbolea ya msimu ujao. Kuli naye akilipwa kwa kuhesabu magunia, hulipwa moja, ingawa mgongo wake umebeba karibu moja na theluthi. Watu wote hao wamepunjwa, na hakuna aliyewekewa kisu shingoni. Ndiyo sababu dhambi hii huzoeleka upesi. Hufanyika mchana, mbele ya watu, tena kwa mapatano.

Sasa tufungue Biblia. Katika Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Mungu aliwakataza Waisraeli kuwa na mawe ya kupimia ya aina mbili, na vipimo vya nafaka vya aina mbili, kimoja kikubwa na kingine kidogo. Tujiulize, mtu ana haja gani ya vipimo viwili? Jibu ni rahisi. Kikubwa ni cha kununulia na kidogo ni cha kuuzia. Nasi twajua habari hiyo. Viazi vilivyotoka kijijini kwa gunia la kilemba hufika mjini vikauzwa kwa kisado kilichopondwa kitako ili kisijae sawasawa. Aliyelima amepunjwa na anayekula amepunjwa. Waisraeli walipimia nafaka zao kwa efa, kipimo ambacho wataalamu wengi hukikadiria kuwa kama lita 22, yaani kinakaribia debe letu. Kwa hiyo Torati haikuwa ikisema mambo ya mbali. Ilikuwa ikisema habari za debe.

Nabii Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu kutoka Tekoa. Mtu huyo wa shamba ndiye Mungu aliyemtuma kwa wafanyabiashara wa Israeli waliokuwa wakipunguza efa, wakiongeza bei na kuchezea mizani (Amosi 8:4-6). Tuangalie jambo moja ambalo husahauliwa. Watu hao hawakuwa wapagani. Walishika sabato na sikukuu ya mwezi mwandamo. Walikuwapo katika ibada, ila walikuwa wakiuliza moyoni itakwisha lini, ili wafungue ghala. Miili yao ilikuwa mbele za Mungu na mioyo yao ilikuwa ghalani. Mungu akawajibu kwa kinywa cha Amosi kwamba hapendezwi na sikukuu zao wala sadaka zao wala nyimbo zao, bali anataka haki itiririke kama mto usiokauka (Amosi 5:21-24). Maneno hayo ni mazito kwetu tunaojiandaa kwa mavuno. Gunia laweza kupokelewa vizuri na wazee wa kanisa, likaandikwa katika daftari, likapigiwa makofi, na bado lisipokelewe mbinguni.

Bwana wetu Yesu Kristo naye alisema juu ya kipimo. Katika Luka 6:38 anafundisha kwamba anayetoa atapewa, na kipimo atakachopewa kitashindiliwa, kitatikiswa, na kitamwagika kwa kujaa. Msomaji wa hapa kwetu akisoma maneno hayo hawezi kukosa kuliona gunia. Ni kana kwamba Bwana anasema habari za lumbesa! Lakini tofauti ni kubwa kuliko umbali wa mashariki na magharibi. Katika lumbesa ya sokoni, mwenye nguvu hushindilia ili achukue. Katika kipimo cha Bwana, mwenye mali hushindilia ili atoe. Gunia laweza kuwa lilelile, na viazi vilevile. Tofauti ni mkono ulioongeza, na kama uliongeza kwa kujinyima au kwa kumnyima mwenzake.

Hapo ndipo ninapoiona alama ya Mkristo kazini. Yeye pia ana nyongeza yake, lakini huitoa katika fungu lake mwenyewe. Fundi huongeza msumari mmoja mahali ambapo mwenye nyumba hataona kamwe. Muuguzi huongeza neno la upole baada ya sindano. Mama muuza maharage humwongezea mjane konzi moja juu ya kisado. Huko ndiko kushindilia alikokusema Bwana.

Msidhani kwamba neno hili ni la wakulima na wachuuzi tu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwafundisha walimu katika chuo cha ualimu, kwa hiyo niwaseme kwanza walimu wenzangu. Mwalimu naye ana kipimo, nacho ni kipindi. Serikali imempimia dakika zake, na mzazi amemkabidhi mtoto. Akiingia darasani robo saa imepita, bila andalio la somo, akawaandikia watoto ubaoni wanakili hadi kengele, huyo amepunguza efa. Na akificha sehemu ngumu ya somo asubuhi ili aiuze jioni kwa fedha za masomo ya ziada, huyo ana vipimo viwili. Tena anayeumia ni yule ambaye mzazi wake hana cha kulipa. Dereva wa basi naye ana kipimo, yaani idadi ya abiria. Karani ana kipimo, ndiyo foleni. Mkulima anayetia maji au mchanga katika pamba, au anayeficha vitunguu vibovu katikati ya gunia, hana haki ya kumnung'unikia mnunuzi wa lumbesa. Hata sisi watunza hazina wa vyama vya kanisa tuna kipimo chetu, nacho ni stakabadhi.

Kitabu chetu cha Sala kinajua mambo haya. Katika Katekisimo, mtoto anayejiandaa kwa Kipaimara huulizwa wajibu wake kwa jirani. Jibu alilofundishwa halikomi kwenye kupenda tu. Latamka pia uaminifu katika shughuli zote, mikono isiyoiba, na kujifunza kazi ili mtu apate riziki yake kwa haki. Wengi wetu tuliyakariri maneno hayo mbele ya kasisi tukiwa tumevaa nguo nyeupe. Askofu aliweka mikono juu ya vichwa vyetu, lakini maneno yenyewe yalihusu mikono yetu sisi.

Tena Kanisa letu halikuzaliwa mbali na soko. Tukienda Zanzibar, pale Mkunazini, tunaliona Kanisa Kuu la Kristo. Limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwezi Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko hayo, na siku ya Krismasi mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa, wakati wa Askofu Edward Steere kuongoza kazi ya Misheni kukaribia. Pale binadamu walikaguliwa meno, wakatajiwa bei kama mzigo. Wazee wetu wa imani hawakutafuta kiwanja kisicho na doa. Walijenga altare papo hapo penye biashara mbaya. Ni fundisho kwetu. Injili haikuja kutukimbiza kutoka sokoni, bali kulitakasa soko.

Najua baadhi yenu mtaniuliza, "Mwalimu, hayo ni maneno ya kanisani. Mimi nikikataa lumbesa, lori laenda kijiji cha pili, na viazi vyangu vyaozea shambani." Neno hilo ni la kweli, wala sitalifanyia mzaha. Viazi havingoji. Mkulima asiye na ghala, mwenye mtoto mgonjwa nyumbani, hana nguvu sawa na mwenye lori. Kwa sababu hiyo lawama nayo haigawanywi sawa. Aliye na uwezo wa kuchagua ndiye atakayeulizwa zaidi. Lakini hapo pia ndipo tunapoona kwa nini Mungu alituita tuwe kanisa, wala si mtu mmoja mmoja. Mtume Paulo atuagiza tuchukuliane mizigo (Wagalatia 6:2). Mkulima mmoja akikataa, lori lampita. Kijiji kizima kikikataa, pamoja na kijiji cha pili na cha tatu, lori litasimama, kwa maana mjini watu hawawezi kula barabara.

Na mnunuzi naye aweza kusema, "Wenzangu wote hufanya hivyo. Nisipofanya, nitafilisika." Namjibu kwa habari za Yohana Mbatizaji. Watoza ushuru walimwendea wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi wakakae jangwani pamoja naye. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kile walichoamriwa (Luka 3:12-13). Wao pia walikuwa na wenzao waliofanya vingine. Baadaye twamwona mmoja wa kazi hiyo, Zakayo wa Yeriko. Bwana alipoingia nyumbani mwake, toba yake ilikuja na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu (Luka 19:8). Hakusema "nasikitika" tu. Alitaja kiasi.

Basi, ndugu zangu, natoa mashauri matatu kabla ya Jumapili ile.

La kwanza, siku ya mavuno, mazao yatakayouzwa kwa mnada uwanjani mwa kanisa yapimwe kwa mizani iliyokaguliwa na kugongwa muhuri wa Wakala wa Vipimo. Mkungu, gunia na debe, kila kimoja kitajwe uzito wake kwa sauti. Watoto waone kwamba katika nyumba ya Mungu kilo ni kilo. Na baada ya mavuno, wazee wa kanisa wafikirie kuiacha mizani hiyo hapo ili mkulima yeyote, awe wa kanisa letu, awe Mwislamu, awe wa dhehebu jingine, aje apime mzigo wake kabla ya kuuza.

La pili, wakulima wa mtaa wetu wakutane kabla lori halijafika, si baada yake. Wapatane kuuza kwa kilo na kwa umoja, kupitia chama cha ushirika pale kilipo. Wanunuzi ambao ni washarika wetu waalikwe pia. Wao ni ndugu zetu, tunakunywa nao kikombe kimoja. Ni aibu mtu na aliyempunja wapige magoti bega kwa bega mbele ya altare, mmoja akijua na mwingine akinyamaza.

La tatu, kila mtu apime moyo wake mwenyewe. Utaratibu wetu wa zamani wa Ushirika Mtakatifu huwaonya waliowadhulumu wenzao wawe tayari kurudisha kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Aliyechukua na arudishe. Si lazima atangaze. Aweza kwenda jioni kwa mwenzake na kumwambia, "Ndugu, hizi ni zako." Huyo aliyerudishiwa naye asimsimange.

Nakumbusha tena kwamba mizani ni chombo kidogo. Hakiwezi kumwokoa mtu, kwa kuwa tunaokolewa kwa neema. Lakini neema ikiingia nyumbani, kama ilivyoingia kwa Zakayo, hata debe litajua.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya useremala kwa mikono yako, utakase mikono yetu. Utupe kuuza kwa haki, kununua kwa haki, na kufundisha, kuhudumu na kujenga kwa haki. Uwatie nguvu wanyonge wasionewe, na wenye nguvu uwape kiasi. Na mavuno tutakayoyaleta mbele zako yawe safi tangu shambani hata altareni. Amina.