Ushuru usigeuke hongo

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW) ambaye, kabla ya kupewa Utume, alisafiri na misafara ya biashara akipeleka mali ya Bi Khadija (RA) hadi Sham.

Ndugu Waislamu, sisi wakazi wa Tabora tunapoisoma Surat Quraysh tunapaswa kuisoma kwa mazingatio ya pekee. Humo Allah anawakumbusha Maquraysh safari zao za biashara za msimu wa baridi na wa joto, kisha anawakumbusha kuwa ni Yeye aliyewalisha wakaepuka njaa na akawapa amani wakaepuka hofu. Kwa hiyo chakula na amani ya njia vimetajwa pamoja. Njia ikifungwa, njaa haiko mbali.

Mji wetu nao ni mtoto wa njia. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, kila shuka, shanga na chumvi vilipita kwa miguu kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Unyanyembe ndipo misafara ilipopumzika na kugawana njia. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kwa miezi mitatu. Na tuseme kweli, njia hiyo hiyo ilipitisha pia wanadamu waliofungwa minyororo, dhuluma ambayo hatuna haki ya kuipamba.

Katika njia ile palikuwa na malipo yaliyoitwa hongo. Msafara ukipita katika nchi ya mtemi ulilipa kwa nguo, shanga au nyaya za shaba. Kule Ugogo, penye ukame, mtemi alikuwa mwenye visima, na aliyelipa alipata maji na ruhusa ya kupita. Kwa asili yake basi, hongo ilikuwa ushuru wa njia. Leo mtoto wa shule ukimuuliza hongo ni nini, atakujibu kuwa ni rushwa. Je, tumewahi kujiuliza neno moja limewezaje kubeba mambo mawili haya?

Mimi naona jibu limo katika historia yetu wenyewe. Alipotawala Mtemi Fundikira, wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe hawakutozwa ushuru wa bidhaa zao. Alipomfuata Mnywa Sele, mwishoni mwa miaka ya 1850, aliweka ushuru kwa mali iliyoingia nchini mwake. Ilikuwa haki ya mtawala kutoza, lakini matajiri waliozoea msamaha walikataa. Badala ya kukaa na kushauriana, walimng'oa wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sele akaingia msituni na njia haikukalika. John Speke alipofika tena Kazeh mwaka 1861 aliikuta vita hiyo, akakwama kwa kukosa wapagazi. Haikuisha mpaka Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865.

Haikupita miaka mingi likatokea la Mirambo wa Urambo. Kwa simulizi ya Henry Stanley, mwaka 1871 msafara uliokuwa ukienda Ujiji ulimlipa Mirambo bunduki, baruti na marobota ya nguo, na baada ya kulipa ukaambiwa urudi ulikotoka. Ikazuka vita ya miaka kadhaa. Pembe zilikwama bara, nguo zikakwama Unyanyembe, na Stanley mwenyewe akalazimika kuzunguka kusini ili kufika Ujiji.

Tuyatazame matukio hayo mawili. Katika la kwanza, mfanyabiashara alikataa wajibu. Katika la pili, mtawala alipokea malipo asitoe alicholipwa. Aliyeumia mara zote mbili ni mtu wa tatu, yaani mpagazi aliyekosa ujira na mama aliyekosa chumvi na shuka.

Uislamu umeyawekea mambo haya mipaka. Imepokewa kwa Abu Daud kwamba Mtume (SAW) alisema mtoza ushuru wa dhuluma hataingia Peponi. Hata hivyo Sayyidna Umar (RA) aliweka ushuru kwa wafanyabiashara kwa viwango vilivyojulikana. Imamu Abu Yusuf, katika Kitabul Kharaj, amesimulia kisa cha mfanyabiashara Mkristo aliyetozwa ushuru wa farasi wake, kisha alipopita tena mwaka ule ule akadaiwa mara ya pili. Alifunga safari hadi kwa Umar (RA), na Khalifa akamwandikia mtumishi wake kwamba mtu akishalipa asitozwe tena mpaka mwaka upite. Tazama uadilifu huo! Mlalamikaji hakuwa Muislamu, na mtuhumiwa alikuwa mtumishi wa dola ya Kiislamu.

Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya ushuru na hongo. Ushuru una kiwango kinachojulikana, una risiti, hulipwa mara moja na kurudi kwa wananchi kama barabara na ulinzi. Kinachopungukiwa na hayo huanza kunuka hongo, hata kama anayekitoza amevaa sare.

Niliwahi kupeleka madumu ya asali Dar es Salaam. Kwenye kizuizi kimoja nilidaiwa ushuru niliokwisha kuulipa, na risiti ninayo mkononi. Gari lilisimama nusu siku, dereva akadai nyongeza, na nyongeza ile nikaitia kwenye bei ya asali. Aliyeilipa hasa ni mnunuzi ambaye hakuwahi kukiona kizuizi kile.

Hapana shaka serikali imelitambua tatizo hili. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka wilaya moja hadi nyingine akaondolewa ushuru. Mwaka 2019 usimamizi wa vyakula ulitolewa TFDA ukapelekwa TBS, ili mtu asibishe hodi milango miwili kwa bidhaa moja. Hatua hizo ni za kushukuriwa. Lakini sheria nzuri hufika kijijini kwa mkono wa mtu, na mkono huo ukiwa mchafu mkulima haioni nafuu.

Nasi wafanyabiashara tusijitoe. Wapo wanaosema kukwepa ushuru ni ujanja wa kutafuta riziki. Anayezidisha mzigo kisha akatia kitu kidogo mkononi mwa mpimaji anaibomoa barabara ya Waislamu na wasio Waislamu. Katika Suratul Baqara, aya ya 188, Allah ametukataza kula mali zetu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu. Mtoaji na mpokeaji wote wamo.

Basi mlipaji adai risiti na asikubali kupita bila hiyo. Mtumishi wa kizuizini akumbuke kuwa naye ni msafiri, na mbele yake kipo kizuizi kimoja kisichopitika kwa hongo. Tumuombe Allah azipe njia zetu amani na vyungu vyetu riziki ya halali.

Wabillahi tawfiq.