Tunajuaje?

Mwaka 1984, nikifundisha katika chuo cha ualimu, niliwaeleza wanachuo kwamba mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto arekebishwe mapema. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani Mwalimu, tunajuaje kwamba inamsaidia?" Darasa likacheka. Nikamwambia akae. Akakaa, wala hakuniuliza tena neno mpaka alipomaliza chuo.

Nilimkumbuka juzi, mjukuu wangu anayesomea uuguzi aliponisimulia yaliyompata wodini. Alimwuliza mkufunzi wake sababu ya tiba fulani, akajibiwa, "Ndivyo tunavyofanya hapa." Akaniambia, "Babu, darasani tunafundishwa kwamba tiba ijengwe juu ya ushahidi, na mtihani tunaufanya. Wodini swali hilohilo ni utovu wa adabu."

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi waganga walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, amiminiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Ilionekana dhahiri kabisa. Kisha, kuanzia mwaka 2009, hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilifanya utafiti. Watoto 3,141 wa namna hiyo, bila kuwahusisha wenye kuharisha, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walimiminiwa maji kwa haraka, wengine hawakumiminiwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Katika saa 48 za mwanzo, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa walifariki 10 au 11. Kati ya wasiomiminiwa walifariki 7.

Waliokuwa wakimimina maji yale hawakuwa watu wabaya. Waliwahurumia watoto, na walitii walimu wao. Ila huruma haikuwaonyesha kosa, na utii nao haukuwaonyesha. Lilionekana pale tu watu walipokubali kuuliza, wakahesabu.

Mtu atasema: kila mwanafunzi akihoji, mgonjwa atakufa watu wakibishana. Ni kweli. Usiku mgonjwa akizidiwa, mwanafunzi na afuate mwongozo. Lakini asubuhi yake mkufunzi amrudishe kwenye kitanda kilekile, wajiulize pamoja: tuliyofanya yana ushahidi gani? Ulipatikana kwa wagonjwa wa namna gani? Je, huyu wetu anafanana nao? Somo hili halitoshi kufundishwa ubaoni kwa hesabu za asilimia. Lifundishwe mbele ya mgonjwa, na mwalimu ambaye anaweza kutamka "sijui" bila kuona aibu.

Neno hilo mimi lilinishinda. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami niliwafundisha wanachuo methali hiyo huku nikimnyamazisha aliyeuliza.

Sijui kijana yule yuko wapi leo. Bila shaka alifundisha miaka mingi. Ninachojiuliza ni watoto wangapi aliwazuia kutumia mkono wao wa kushoto, kwa sababu siku ile nilimwambia akae.