Nafuu na Ukweli

Mkata mkonge wa Korogwe aliyeteguka kifundo cha mguu anaweza kwenda Hospitali ya Magunga, au kwa mganga wa Handeni atakayemchanja chale na kumpaka dawa. Tabibu wa Kichina angemchoma sindano za akupancha. Je, tiba inayoleta nafuu yahitaji nadharia yake iwe ya kweli? Nadhani haihitaji, ila mgonjwa anastahili kuambiwa kweli. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya wagonjwa 1,162 wa maumivu ya kiuno. Sindano zilizofuata kanuni za Kichina ziliwafaa asilimia 47.6, zilizochomwa juujuu pasipo kufuata kanuni hizo asilimia 44.2, na matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Sindano ilisaidia, lakini mahali pa kuchomwa hapakuleta tofauti kubwa.

Mtu atauliza: akipata nafuu, kweli ya nini tena? Ni kwa sababu maumivu hutulia kabla kano haijaunga. Kano iliyochanika hujijenga kwa wiki, hata miezi. Anayedhani amepona hurudi shambani mapema na kuumia upya. Mwingine atasema kweli huua imani, na imani ndiyo dawa. Lakini mganga anaweza kusema, “Hii itakupunguzia maumivu; mguu uupumzishe,” na bado akaaminiwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 humpa mganga usajili. Kauli ya namna hiyo ndiyo humpa haki ya kuaminiwa.