Asiyeandika Wasia Huandikiwa

Sisi watu wa pwani mtu akitaja kifo chake mwenyewe huambiwa anajichuria. Basi wengi wetu tumeishi hapa Uingereza miaka 20 au 30, nyumba tunayo, akiba ya uzeeni tunayo, lakini wasia hatuna. Tukiulizwa tunajibu, "Nimemwachia Mungu."

Kwa heshima zote, umeliachia Bunge la Uingereza. Mashine isiyopewa maagizo haiachi kufanya kazi. Hufuata maagizo ya kiwandani. Sheria ya England na Wales (Scotland wana yao) imekwisha kumpangia kila anayekufa bila wasia. Akiwa ameacha mwenzi wa ndoa na watoto, mwenzi huchukua vyombo vya nyumbani, paundi 322,000 za mwanzo, kiwango kilichowekwa Julai 2023, na nusu ya kinachobaki. Nusu nyingine ni ya watoto. Mke aliyeolewa kwa nikaha ya sebuleni hapa London, bila ndoa kusajiliwa serikalini, hana fungu la mke katika mgawo huo, hata kama mna watoto wanne.

Na mama je? Hapati kitu. Akiwapo mtoto, wazazi wa marehemu hawamo.

Hapa tutulie kidogo. Wako kati yetu ambao nauli ya kuja kusoma ilitoka kwenye minazi ya mama, na mpaka leo kila mwezi humtumia fedha za matumizi. Siku tukifa, fedha zinakoma. Je, mama ni mrithi, au ni mdai wetu?

Kwa Waislamu urithi wake unajulikana: mwanawe akiacha watoto, mama ana moja ya sita. Lakini fungu hilo halifiki Pangani lenyewe. Mahakama za hapa hazigawi hivyo mpaka wasia useme, na wasia waweza kusema, maana sheria humpa mtu uhuru mkubwa juu ya mali yake. Mimi, kwa upande wangu, namwona mama ni mdai pia, ingawa hana stakabadhi.

Rafiki yangu hakubali. Watoto ni wadogo, asema, nyumba ina mkopo wa benki, ukimkatia mama unawapunguzia yatima. Hoja hiyo si nyepesi, na sisemi mama awatangulie watoto. Lakini ukiamua asipate, amua wewe, naye umwambie ungali hai. Ukinyamaza, lawama zitamwangukia mjane. Kule nyumbani ataitwa mla mali ya ndugu yao, ilhali amepokea tu alichopewa na sheria. Kweli, sheria ya mwaka 1975 humruhusu aliyekuwa akitunzwa na marehemu kudai mahakamani, kwa kawaida ndani ya miezi 6 tangu kibali cha kusimamia mirathi kitolewe. Lakini bibi wa miaka 80 amshitaki mkaza mwanawe na wajukuu zake, tena kwa Kiingereza?

Kazi yenyewe si kubwa. Wasia uandikwe, utiwe saini mbele ya mashahidi 2 walio pamoja, na shahidi asiwe mwenye kupewa kitu, wala mkewe au mumewe, kwani zawadi hiyo hubatilika. Kiwanja cha Tanga hufuata sheria za Tanzania, kwa hiyo muulize wakili wa kule pia. Na nyumba iliyoandikwa majina mawili yaangalieni maandishi yake: aina moja ya umiliki humpa aliyebaki hai nyumba yote, wasia useme usiseme.

Mimi ningeongeza karatasi moja isiyo ya kisheria: majina ya wote tunaowatumia fedha, kiasi gani, na kwa ajili ya nini. Wajane wengi hawalijui hata nusu ya orodha hiyo.